Kaseti za dukani zilikataa, za nyumbani zilikubali

Kisa chenyewe si kikubwa. Kuanzia Aprili mpaka Novemba 1987, nyumbani kwetu Magomeni Mapipa, kompyuta ndogo iligoma kusoma kaseti zilizokuja nayo kutoka Uingereza, huku kaseti tulizorekodi wenyewe ikizisoma bila matata. Miezi saba. Watu wazima wanne na watoto wawili walitoa maelezo sita, na yote sita yakawa siyo. Aliyepatia alikuwa fundi redio wa Kariakoo ambaye hajawahi kuiona kompyuta maishani, na hata siku hiyo hakuiona, kwa sababu tuliiacha nyumbani.

Siku hizi naishi kwa kutafuta ubovu kwenye mashine za watu, na nikikwama huwa nakirudia kisa hiki. Jibu lenyewe halina maajabu, lilikuwa skrubu. Kinachonirudisha ni kwamba dalili mbili zilizotosha kulitoa jibu zilikaa sebuleni kwetu tangu wiki ya kwanza. Moja tuliisoma kinyume. Nyingine tulidhani ni ya ugonjwa mwingine.

Mashine na nyumba

Ilikuwa ZX Spectrum ya kilobaiti 48, kazi ya kampuni ya Sinclair ya Cambridge, iliyotoka 1982 kwa pauni 175. Mjomba alikuwa baharia. Aliinunua Liverpool mwishoni mwa 1986 ikiwa imeshatumika, miezi michache baada ya Amstrad kuichukua biashara ya kompyuta ya Sinclair kwa pauni milioni 5, na kwa bei aliyokataa kuitaja mbele ya mkewe. Nyeusi, ndogo kuliko daftari la kaunta, vibonye vyake vya mpira wa kijivu vinabonyea kama kifutio cha shule. Pembeni kulia ina mistari minne ya rangi, nyekundu, njano, kijani na samawati.

Haikuwa na kioo. Ulichomeka waya wake nyuma ya televisheni, mahali pa antena, ukazungusha kitasa mpaka chaneli ya 36. Yetu ilikuwa ya inchi 12, isiyo na rangi, nayo pia Mjomba aliileta safari ya nyuma yake. Kwa hiyo tuliishi na kompyuta ya rangi nane tukizijua rangi zake kwa kusoma kitabu tu. Televisheni yenyewe ilikuwa ya deki, maana Bara hatukuwa na kituo chochote mpaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo ya rangi tangu miaka ya 1970, na waliokuwa na antena ndefu Dar es Salaam waliinasa kwa chenga chenga. Sisi antena yetu ilikuwa fupi, na Baba alisema inatosha.

Kuhifadhi kazi ilikuwa kwa kaseti, hizi hizi za muziki. Mjomba hakuleta mashine ya kuchezea, akasema mtatumia redio-kaseti ya Baba, ya spika moja, iliyokaa juu ya kabati la vyombo na kitambaa chake cha kufuma. Baba hakuulizwa. Hapo ndipo kisa kinapoanzia, ingawa hakuna aliyejua.

Kitu kimoja cha nyakati zile lazima kisemwe, la sivyo msomaji wa leo atashangaa kwa nini hatukumuuliza mtu. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mambo hayakwenda kama yalivyotarajiwa, na mwaka 1974 serikali ikatoa amri ya kuzuia uingizaji wa kompyuta na televisheni bila kibali maalumu. Kufikia miaka ya katikati ya 1980 televisheni zilishaanza kuzoeleka kwenye nyumba za watu, lakini kompyuta ilibaki kitu cha kusikia. Mjomba alipoulizwa getini ameshika nini alijibu, "Kinanda cha mtoto." Ofisa akabonya vibonye viwili vitatu, havikulia, akasema kimeharibika hicho, akampisha.

Basi mtaani kwetu hapakuwa na fundi wa kompyuta. Tulikuwa na kitabu cha maelezo kilichoandikwa Kiingereza na Steven Vickers, na tulikuwa na kaka yangu, kidato cha tatu, aliyekisoma kwa kamusi.

Dalili

Kupandisha programu kulikuwa hivi. Unabonya J, neno LOAD linajitokeza lote kwa mara moja. Unaweka alama mbili za nukuu, unabonya ENTER, halafu PLAY kwenye kaseti. Unaanza kusikia mlio mmoja mrefu kama filimbi ya refa aliye mbali, na pembeni mwa kioo milia minene inapanda taratibu. Filimbi inakatika, linakuja fungu fupi la kelele, na jina la programu linaandikwa kwenye kioo. Filimbi tena. Kisha kelele yenyewe, kama dagaa wakitiwa kwenye mafuta ya moto, na milia inakuwa myembamba, mingi, inatetemeka. Programu inayojaza mashine yote inachukua kama dakika 5. Dakika 5 hizo hatukuongea. Tuliamini ukitembea sakafu itatikisika na mkanda utaruka.

Kaka alikuwa na tabia ya kulegeza waya mara kwa mara ili asikie kama kaseti bado inalia, na kelele ilipolipuka nyumba nzima, Bibi alikuwa akiuliza kutoka uani ni paka gani huyo tunayemkanyaga.

Miezi mitatu ya kwanza mambo yalikwenda. Ndani ya boksi mlikuwa na kaseti iliyoitwa Horizons, iliyokuwa na mchezo wa mpira unaodunda na kubomoa ukuta wa matofali. Huo tuliucheza mpaka kibonye cha 8 kikaanza kulegea. Kisha, masika ya 1987, ukuta haukuonekana tena. Jina linaandikwa vizuri, unapata matumaini, fungu refu linaanza, na katikati ya dagaa kioo kinasema: R Tape loading error, 0:1. Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya Kiingereza niliyoijua kwa moyo. Nilidhani R ni mtu.

Kumbuka hapo: jina lilisomeka, fungu refu likakataa. Fungu la jina lina baiti 19 tu. Programu ina maelfu. Mashine ambayo inakosea mara moja moja itavuka kijito na kuzama mtoni, na hilo peke yake lilitosha kutuambia kwamba usomaji ulikuwa dhaifu, haukuwa umekufa. Hatukuliona.

Wakati huo huo Kaka alikuwa anaandika programu zake. Aliandika ya jedwali la kuzidisha, akaanza ya bao akakwama kwenye kutakata (mpaka leo anasingizia kaseti), na akaandika ya upatu wa Mama: majina ya wanawake kumi na wawili, zamu ya nani, nani hajatoa. Hizo alizihifadhi kwenye kaseti tupu kwa redio-kaseti ile ile. Zote zilipanda, kila mara, bila kosa hata moja.

Hii ndiyo dalili tuliyoisoma kinyume. Zetu zinakubali, za Wazungu zinakataa: basi za Wazungu zimeharibika. Ni hitimisho linaloeleweka. Baada ya hapo kilichobaki kilikuwa kubishana zimeharibiwa na nini.

Mama alisema hewa ya chumvi, kwa sababu hata sufuria zinapata kutu Dar es Salaam, sembuse mkanda. Mjomba, alipopita nyumbani mwezi wa Juni, alisema zimepigwa na sumaku za injini ya meli, na akajilaumu kweli kweli. Bibi alisema kitu kinacholia vile hakiwezi kudumu. Mimi nilikuwa na miaka tisa na niliamini kaseti ina idadi yake ya kuchezwa na sisi tumeimaliza. Kaka alikuwa upande wa sauti: aliizungusha kutoka robo hadi mwisho, nukta kwa nukta, akiandika matokeo kwenye daftari kwa kalamu nyekundu. Kurasa kumi na moja za neno "imekataa". Daftari hilo lipo.

Baba peke yake hakuilaumu kaseti. Alikuwa anafanya kazi Urafiki, kwenye mitambo ya kufuma, na kwa mtu wa mitambo ubovu wa jioni unaitwa umeme mdogo. Taa zilikuwa zinafifia kweli saa mbili usiku, watu wakishawasha pasi. Kwa hiyo tukaamshwa saa nane usiku, umeme ukiwa umejaa, tukajaribu. Imekataa. Akanunua betri mpya nne, redio-kaseti ikaendeshwa kwa betri. Imekataa. Nampa heshima yake: kati ya wote ni yeye aliyefanya jaribio ambalo lingeweza kumuumbua, na lilipomuumbua alikubali. Ila kama tungekaa tukafikiri, hata betri hazikuhitajika. Umeme mdogo ungezikataa na kaseti zetu pia. Umeme hauchagui kaseti.

Na sasa dalili ya pili. Baba alikuwa na kaseti za dansi za dukani, na nyingine nyingi alizozirekodi mwenyewe kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam, Sikinde na Juwata, akiwa amekaa na kidole juu ya kitufe akimsubiri mtangazaji anyamaze. Kuanzia kipindi kile kile cha masika akawa analalamika kwamba kaseti za dukani siku hizi zinachoka upesi, mwimbaji anasikika kama yuko ndani ya gunia. Alizorekodi redioni wiki ile, safi. Alilisema hilo mezani, tukila, si chini ya mara tano, na mara mojawapo Kaka alikuwa na lile daftari mkononi.

Hakuna aliyeunganisha. Muziki ulikuwa wa Baba, na kompyuta ilikuwa ya Kaka. Nadhani neno kompyuta ndilo lililotuponza. Lilikuwa neno zito mno. Kitu kilichopigwa marufuku kwa amri ya serikali, tuliona, hakiwezi kuugua ugonjwa wa redio.

Kibanda cha fundi

Novemba, Baba aliipeleka redio-kaseti kwa fundi kwa ajili ya muziki wake. Tukamfuata kwa sababu ilikuwa Jumamosi na kuna mtu anauza juisi ya miwa njiani. Kibanda kilikuwa mtaa wa pili kutoka Msimbazi, meza imefunikwa na redio zilizopasuliwa, na fundi, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba, hakunyanyua kichwa tulipomwamkia.

"Marahaba. Inafanyaje?"

Baba akaweka Sikinde ya dukani. Fundi akasikiliza kama nusu dakika, kisha akauliza swali ambalo nimeishi nalo.

"Mzee mwenzangu, huyu anaimba kwa sauti nzito kuliko alivyozoea, au sauti ni ile ile ila imefunikwa?"

"Ile ile. Imefunikwa."

"Na ulizojirekodia?"

"Hizo hazina neno."

"Basi mwendo mzima. Hedi imelala."

Hedi ni kile kichuma kidogo kinachogusana na mkanda na kuisoma sauti yake, na kulala ni kuinama upande. Kwa nini aliuliza kuhusu sauti nzito? Kwa sababu kuna maradhi mawili yenye dalili ile ile. Mota ikizunguka polepole, kaseti ulizorekodi kwayo zitacheza vizuri kwayo, maana zilirekodiwa polepole na zinasomwa polepole. Za dukani zitaharibika. Kwa nje huwezi kutofautisha na hedi iliyolala. Lakini mota iliyochoka inamshusha mwimbaji, inamfanya mzee. Hedi iliyolala inamwacha umri wake, inamnyang'anya tu zile sauti kali, ile "s" na "sh", matoazi, ncha ya gitaa. Swali moja likayatenganisha. Sisi kwa miezi saba tulikuwa tumebadilisha umeme, sauti, saa ya kujaribu, mahali pa kuweka mashine, na hatukuwahi kuuliza swali lenye majibu mawili yanayoelekea njia mbili.

Akafungua mlango wa kaseti, akafuta hedi kwa pamba na spiriti. Akajaribu. Bado. Ndipo akachukua bisibisi nyembamba kama sindano ya kushonea magunia, akaiingiza kwenye tundu dogo mbele ya hedi, muziki ukiwa unacheza, akazungusha. Kidogo sana, mkono haukuonekana kusogea. Nilisikia gitaa la pili. Sikuwa nimegundua kwamba lilikuwa limepotea.

Kaka alikuwa ameficha Horizons mfukoni. Akaitoa.

"Fundi, na hii tafadhali."

Filimbi ikajaa kibanda, kisha dagaa. Wapita njia wakageuka. Fundi hakuuliza ni kitu gani, aliuliza, "Bendi gani hii?" kwa uso mkavu kabisa, na kabla hatujajibu akasema, "Rudisha nyuma. Nipe tena filimbi." Akafumba macho, akarekebisha skrubu upya, akitumia filimbi ile badala ya Sikinde. "Hii nzuri kuliko muziki," alisema. "Haina pa kujificha."

Leo najua alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Mlio mmoja usiobadilika ndio kipimo bora cha kusimamisha hedi.

Skrubu ilifanya nini

Kwenye kaseti ya Spectrum programu nzima imegeuzwa sauti, na kila biti, yaani kila sifuri au moja inayounda programu, ni wimbi moja. Wimbi la sifuri linadumu kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na la moja linadumu mara mbili yake. Yaani sifuri ni mlio wa hezi 2,000 hivi na moja ni wa hezi 1,000 hivi. Kompyuta haisikilizi utamu, inapima muda wa kupanda na kushuka kwa wimbi. Mwisho wa kila fungu pana baiti moja ya kuhakiki, na katika programu inayojaza kilobaiti 48, yenye biti laki tatu na ushee, biti moja ikisomwa vibaya fungu zima linatupwa.

Hedi nayo ina ufa mwembamba usioonekana kwa macho, unaotakiwa kusimama wima, digrii 90 na mwendo wa mkanda. Mkanda wa kaseti unapita sentimita 4.76 kwa sekunde. Gawanya, utaona wimbi la sifuri linachukua milimita 0.024 tu za mkanda. Njia ya sauti ya mono ina upana wa karibu milimita 1.5. Ufa ukiinama, ncha yake ya juu inakuwa mbele ya ncha ya chini. Kwa hesabu yangu, inamo ya chini kidogo ya digrii moja inatosha ufa ule ulifunike wimbi zima la sifuri kwa pamoja, kupanda na kushuka, na vikafutana. Wimbi la moja, kwa kuwa ni refu mara mbili, linabaki linasikika. Nusu ya digrii hailiui wimbi la sifuri, inalifanya linong'one, na hapo ndipo inapotokea kile tulichokiona, kusomeka leo kwa fungu fupi na kukataa kwa refu.

Hedi hiyo hiyo iliyoinama ikirekodi, inaandika mawimbi yaliyoinama. Ikija kuyasoma, inamo inalingana na inamo. Ni kama watu wawili wenye kithembe kimoja, wakiongea wao kwa wao hakuna anayejua kuna kithembe.

Nani aliilaza? Kaka, na mimi nilimshikia tochi. Mwezi wa Aprili kaseti moja ya Baba ilikuwa imeliwa, mkanda umejizungusha kwenye mota, na Kaka akafungua mashine kwa kisu cha jikoni kabla Baba hajarudi. Aliutoa mkanda wote salama. Na kwa kuwa alikuwa mtoto mwenye adabu ya kazi, kabla ya kufunga alikaza kila skrubu aliyoikuta imelegea. Mojawapo ilikuwa na springi chini yake na tone la rangi juu yake. Skrubu hiyo haikutakiwa kukazwa, na lile tone la rangi ndilo lililokuwa linasema hivyo. Tulilibandua kwa ncha ya kisu.

Kwenye lile daftari la "imekataa" kuna tarehe ya jaribio la kwanza lililoshindwa. Ni siku mbili baada ya kaseti kuliwa. Kaka aliiandika tarehe, lakini hakuandika kwamba alifungua mashine. Katika kazi yangu naliona jambo hili kila wiki: mtu anakueleza kila kilichotokea isipokuwa alichokigusa mwenyewe, na hakudanganyi, kwa kuwa kichwani mwake ile ilikuwa matengenezo.

Alama mbili

Usiku ule ukuta wa matofali ulirudi. Baba alisimama mlangoni akatazama mpira unavyodunda, akasema, "Ni hiki tu?" akaenda kulala. Mama akasema vema, sasa mnitolee orodha ya upatu, kesho ni zamu ya mtu.

Kaka akaweka kaseti yake. Filimbi. Jina. Dagaa. R Tape loading error.

Akajaribu ya jedwali. R. Ya bao. R. Miezi saba ya kazi yake iliandikwa kwa kithembe, na sasa hedi ilikuwa imenyooka. Mama alikuwa na daftari lake, bila shaka, hakuwahi kuiamini mashine ile kiasi hicho, lakini hakuitoa siri hiyo mpaka asubuhi. Na kutoka sebuleni tukamsikia Baba, ambaye hakuwa amelala, akijaribu Sikinde aliyoirekodi redioni mwezi wa Agosti. Ndani ya gunia.

Dawa ilieleweka haraka kwa sababu sasa tulijua ugonjwa. Rudisha skrubu ilipokuwa, sikiliza filimbi ya kaseti yetu mpaka ichome masikio, pandisha programu, kisha nyoosha hedi na uhifadhi upya. Kaseti tupu zilikuwa ghali, ikabidi kuchagua za kuokoa. Upatu ukaokolewa, jedwali likaachwa. Muziki wa Baba haukuwa na njia hiyo, maana muziki haupiti kwenye kompyuta, na kuunakili kulihitaji redio-kaseti ya pili. Akasema kwa upole, kwa jinsi alivyokuwa akisema mambo yasiyojadiliwa, kwamba mashine ni yake na nyimbo zake zisikike.

Mama ndiye aliyemaliza ugomvi. Alileta chupa ya rangi ya kucha. Akamwambia Kaka azungushe skrubu mpaka kompyuta ifurahi, akaweka nukta nyekundu ukingoni mwa tundu, mkabala na mfuo wa skrubu. Azungushe mpaka Baba afurahi, nukta ya pili. Kati ya nukta na nukta hakukuwa na hata robo ya mzunguko. Tuliishi hivyo mpaka televisheni ilipoungua mwaka 1990, bisibisi ikining'inia kwa uzi kando ya kabati, na mtu akitaka kucheza anauliza kwanza, "Iko kwa nani?"

Mwaka jana Kaka alinipa kaseti zilizobaki. Redio-kaseti haipo tena, lakini nina deki ya kaseti ninayoitumia kazini, na skrubu yake naifikia. Nimeziunganisha na kompyuta mpakato na kuzihamisha moja moja. Moja, ya Julai 1987, ilikuja imefifia kama nilivyotegemea. Nikazungusha taratibu, masikio yakiwa kwenye filimbi, mpaka ikachoma. Ni programu ya upatu, toleo la zamani, majina kumi na wawili. Biti moja imeoza mahali fulani, baiti ya kuhakiki haikubali, ila majina yanasomeka.

Baada ya dagaa kunyamaza, mkanda uliendelea kurekodi. Kaka alikuwa na kawaida ya kuchomoa waya kabla ya kubonya STOP, na ukichomoa waya kwenye mashine zile, maikrofoni ya ndani inawaka yenyewe. Unasikia kiti. Unasikia kifuniko cha sufuria, mbali. Kisha Bibi, kutoka uani, sauti kali kabisa, kila "s" mahali pake:

"Waume zangu, huyo paka ameshakufa?"

Na mimi, nikiwa na miaka tisa: "Bado, Bibi."